Barua kwa mwanangu: kabla hujampa mteja ufunguo

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, kuanzia Jumatatu wewe ndiye utakayekaa na wateja hapo kwenye yadi yetu ya magari ya mtumba kutoka Japani. Kuuza utaweza, maneno hukupungukiwa. Ninalotaka ulishike ni hili: mteja asije akagundua kwa fundi wake jambo ambalo wewe ulilijua.

Gari likitoka bandarini Kilindini, lifungulie faili siku hiyo hiyo. Tia ndani karatasi ya mnada (ile ya Japani inayoeleza hali ya gari), hati ya Japani ya kufuta usajili na cheti cha ukaguzi. Karatasi ya mnada ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali paliponyooshwa au kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa wa dosari, kwa hiyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Gari la daraja R liligongwa likatengenezwa. Msomee mteja yote, kisha mpeleke hadi kwenye mlango ulioandikwa W2 aupapase. Ukimwonyesha wewe, mtazungumza bei. Akionyeshwa na fundi wake, atauliza umemficha nini kingine, na hapo hakuna jibu litakalomtosha.

Kilomita za dashibodi zilinganishe na karatasi ya mnada na hati ya Japani. Dashibodi ikisoma chache kuliko karatasi, imerudishwa nyuma. Mweleze mteja hivyo na uandike kwenye risiti.

Magari ya zamani mnayopokea kwa kubadilishana yana hatari yake: mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kilipuzi chake ni amonia naitreti, na joto na unyevu wa miaka mingi hukiharibu. Mfuko ukifunguka kwenye ajali, kasha la chuma linaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande. Mombasa tuna joto na unyevu mwaka mzima. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari. Ikionyesha kuwa gari liliitwa na kampuni likarekebishwe na bado halijarekebishwa, halitoki getini.

Siku ya kukabidhi gari itengee saa nzima, wala usipokee simu. Pima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.4 ichajiwe upya ipimwe tena. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Kwenye tairi tafuta tarakimu 4. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usidanganywe na kashata nene (meno ya tairi), mpira ukizeeka hukauka na kupasuka pembeni. Kagua spea, jeki na spana ya magurudumu. Mwambie mteja pia kuwa redio za Japani kwenye FM huanzia 76 na kuishia 90 au 95, hivyo stesheni zetu nyingi hatazipata bila kifaa cha kubadilisha masafa. Ni jambo dogo, lakini asipoambiwa ataona ameuziwa kitu kibovu.

Kisha mafuta, maana hapa ndipo magari mazuri huuawa. Giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) haitaki ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Ikitiwa, mkanda wa chuma ulio ndani huteleza, gari hutetemeka likianza kwenda, na baadaye mteja hununua giaboksi nzima. Injini inayotaka oili nyepesi ya 0W-20 isitiwe nzito ya 20W-50 eti kwa sababu kwetu kuna joto. Oili nzito huchelewa kufika juu kwenye vali gari likiwashwa. Rejeta itiwe kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), si maji ya mfereji. Yaandike haya kwenye kadi, aina na lita, uibandike ndani ya boneti ili fundi wa mtaani naye aisome.

Uhamisho wa umiliki uanzishe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mteja akiwa ameketi mbele yako, na asiondoke kabla ya kuukubali kwa akaunti yake. Sheria inatoa siku 14. Gari likinunuliwa kwa mkopo, jina la benki huingia kwenye logbuku (hati ya umiliki wa gari) pamoja na lake. Mwambie mapema asije akashtuka. Malalamiko ya logbuku kuchelewa ni makali kuliko ya injini, na wana haki.

Mpigie simu siku ya tatu, kisha mwite akifikisha kilomita 1,000. Akirudi na mlio usiousikia, usimwambie ndivyo magari ya mtumba yalivyo. Mwachie usukani, wewe keti kando, mpite njia anayopita yeye, kwa mwendo wake. Mlio mwingi hutokea kwa uendeshaji wa mwenyewe tu, kwenye tuta lile lile au kona ile ile. Ukiusikia, andika kilomita na mahali, ndipo umwite fundi.

Funguo za akiba zimo kwenye kisanduku chekundu, kila mmoja na namba ya chesisi. Gari lililokuja na ufunguo mmoja tu, mwambie mnunuzi kabla hajalipa.

Mamako