Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Mbaraka Mwinshehe

Ndugu wanachama, wageni waalikwa, na wazee wetu wa dansi mliokaa mstari wa mbele, shikamooni.

Katiba inanitaka niwaeleze chama kilifanya nini tangu mkutano mkuu uliopita. Mahesabu atayasoma mweka hazina na nakala mnazo mkononi, kwa hiyo mimi nitayagusa mwishoni tu, penye suala la ada. Nitazungumzia kazi iliyomeza karibu mwaka wetu wote: kukusanya, kusafisha na kusikiliza upya santuri za mwanamuziki wa dansi, marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, alizopiga na bendi zake mbili, Morogoro Jazz na Super Volcano.

Mtakumbuka uamuzi huu haukupita kirahisi. Wapo waliosema Mbaraka hahitaji mtetezi, kila kipindi cha zilipendwa lazima apigwe, tuwahangaikie waliosahaulika. Hoja ilikuwa na uzito wake. Kilichonigeuza mimi ni jibu la kamati ya muziki, kwamba huyo anayepigwa redioni ni nusu ya Mbaraka.

Nieleze kwa faida ya vijana. Santuri nyingi za 45, yaani sahani ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilizotoka Nairobi miaka ya 70 ziligawa wimbo mmoja pande mbili. Upande wa kwanza una mashairi. Mwimbaji anatoa kisa chake, wenzake wanaitikia, na kabla hujashiba sauti inafifia. Ukigeuza sahani unakutana na chemko: mwendo umekaza, maneno yamepungua, magitaa yanajibizana na saksafoni zinaingia na kutoka. Waliozihamisha nyimbo hizi kwenda kwenye kaseti, na baadaye kwenye simu, mara nyingi walichukua upande wa kwanza wakaona inatosha. Ndiyo maana wengi leo wanamjua Mbaraka wa sauti ya majonzi, lakini Mbaraka mpiga gitaa la solo, aliyepachikwa jina la Soloist National na aliyekuwa akiiendesha bendi nzima kwa nyuzi zake, hawamjui.

Kazi yenyewe ilifanyika sebuleni kwa mjumbe wetu mmoja, maana ofisi tuliyoahidiwa bado ni ahadi. Santuri zilikuja zimefungwa kwenye magazeti, kwenye kanga, moja ndani ya bahasha ya picha za eksirei. Zilioshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini, kwa kufuata mzunguko wa mifereji na si kuikata, kisha zikakaushwa zikiwa zimesimama. Wazee walitaka ile dawa ya zamani ya kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke kwenye mikwaruzo. Fundi wetu, kijana ambaye hajafika hata miaka thelathini, alikataa katakata kwa sababu uzito ule huchimba mfereji na kula sauti. Zogo lilikuwa kubwa. Kijana alishinda, na nampongeza mbele ya mkutano huu kwa kuwabishia wazee kwa adabu.

Sasa niseme tulichokisikia. Kwenye upande wa pili gitaa lake huanza na kifungu kifupi, likakirudia mpaka ukadhani limekwama. Halafu linabadilisha noti moja, baadaye mbili, huku rithimu na besi havibanduki mahali pake. Msikilizaji anadhani ni mkono tu unacheza, kumbe ni uongozi. Mwenye solo ndiye anayewaambia wenzake sasa tupande, sasa mpisheni mpiga saksafoni, sasa tunakwenda kumaliza, na hatamki neno. Mzee mmoja aliyewahi kupiga tumba alisema bendi ya namna ile inasikiliza gitaa kama mabaharia wanavyomsikiliza nahodha wakati wa tufani. Nimeiweka kauli hiyo kwenye kumbukumbu za chama.

Historia yake wengi mnaijua, nitaipitia kwa haraka. Alizaliwa Juni 1944, mwaka uleule Morogoro Jazz ilipoanzishwa. Aliingia kwenye bendi hiyo katikati ya miaka ya 60, akiwa kijana aliyeacha masomo ya sekondari. Mji mmoja wa chini ya milima ya Uluguru ulikuwa na bendi mbili kubwa, maana upande wa pili palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ilikuwa lazima mkazi wa Morogoro awe na upande, kama leo kwenye mpira. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, ikabaki nafasi kubwa, na kijana wa Morogoro Jazz akakua ndani ya nafasi hiyo. Sisemi aliirithi, maana muziki wao haukufanana: Salum aliegemea santuri za Kyuba, Mbaraka alileta magitaa mbele na kutunga visa vya mtaani.

Visa hivyo vilikuwa pia gazeti la watu. Alipouawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi mwaka 1971, Morogoro Jazz walitoa wimbo wa maombolezo, na wapo wazee humu ukumbini waliolijua jina la Kleruu kupitia wimbo ule. Kabla ya hapo, mwaka 1970, bendi ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, na safari hiyo nayo ikatungiwa wimbo, Expo 70. Bendi ya mji wa mkoani, isiyo na wizara wala shirika mgongoni, kufika Japani wakati ule si jambo dogo.

Kikao cha wanachama kilichochemka kuliko vyote mwaka huu kilihusu mwaka 1973, Mbaraka alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Wana Morogoro wetu bado wana kinyongo, utadhani ilikuwa wiki iliyopita. Msimamo wangu nilioutoa siku ile nautoa tena: kutoka kwake hakukuwa usaliti. Tazameni hali ya bendi za wakati ule. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi na jeshi walikuwa na zao, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayetumia vyombo vya mwajiri. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka bendi hiyo ya wafanyakazi mwaka 1978 kwenda bendi ya Mlimani Park, alihama kutoka mlezi mmoja hadi mwingine. Mbaraka alikwenda kusimama na bendi iliyobebwa na jina lake mwenyewe. Bendi ya namna hiyo inaishi kwa kiingilio cha mlangoni na kwa santuri. Usiku ukumbi ukiwa mtupu, hakuna wa kumlalamikia.

Na santuri zilikuwa Nairobi. Hapa kwetu Radio Tanzania ilirekodi bendi kwa ajili ya matangazo, lakini kiwanda cha kuchapa sahani hatukuwa nacho. Kiongozi wa bendi aliyetaka kazi yake iuzwe dukani ilimbidi avuke mpaka, na Mbaraka alivuka, santuri zake zikatolewa na kampuni ya Polydor ya huko. Wimbo wake Shida, wa mtu aliyelemewa na dhiki, uliuzwa mno Kenya, pengine kuliko alivyouzwa Mtanzania yeyote wa enzi zake. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Biashara nyingi zilikatika. Lakini Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa, na huko ndiko alikofariki kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34.

Kifo hicho kimesimuliwa mno, na kila msimulizi ana hospitali yake na dakika zake. Nimeiomba kamati ya uchapishaji isitie hata simulizi moja ya namna hiyo kwenye kijitabu chetu. Kurasa zilizopatikana zitumike kuandika nani alipiga gitaa la pili kwenye wimbo gani, nani aliitikia, nani alipuliza saksafoni. Hilo ndilo linalopotea kila tunapozika mzee mmoja, na mwaka huu tumezika.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, nyimbo za Super Volcano zinaendelea kuuzwa na kusambazwa kwa jina la Morogoro Jazz, na za Morogoro Jazz kwa jina la Super Volcano, kana kwamba ni kitu kimoja. Wimbo wake Pole Dada ukiwekwa picha ya mwanamuziki mwingine kabisa, aliyeuweka haoni hata aibu. La pili, kituo kimoja cha redio kilituomba nakala zetu safi, tukampa mtangazaji maelezo ya pande zote mbili, naye akapiga upande wa kwanza na kuanza kuongea juu ya wa pili. Tumewaandikia barua. Tunasubiri majibu.

Kuhusu haki: nakala tulizotengeneza ni za kuhifadhi na za kusikiliza kwenye vikao vyetu. Hatuziweki mtandaoni wala hatuziuzi. Mwanachama atakayezirusha kwenye makundi ya simu atachukuliwa hatua kwa mujibu wa katiba, hata awe mwanachama wa siku nyingi namna gani.

Kuhusu mwaka ujao, kamati inapendekeza tuhamie ng'ambo ya pili ya mji uleule, kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Kazi zake za mwanzo zilitolewa na lebo ya Mzuri ya Mombasa kwenye sahani za 78, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ambazo si za plastiki kama hizi za 45. Zinavunjika zikiponyoka mkononi, na mifereji yake ni mipana, sindano tuliyonayo haifai. Ndiyo sababu ya pendekezo la kupandisha ada mtakalolikuta kwenye ukurasa wa mwisho wa makabrasha: nyongeza yote ni ya sindano hiyo na makasha ya kuhifadhia. Mwenye pingamizi ataitwa baada ya mweka hazina.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.