Barua kwa Mhariri: Mtafiti wa fyusheni hajapoteza maisha yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila inapotoka habari ya "jua bandia", yaani mitambo ya fyusheni, wazazi hapa Dodoma huniuliza mimi mwalimu wa fizikia swali lilelile: hao wasomi wanaohangaika na mtambo mmoja tangu ujana hadi kustaafu, bila nyumba hata moja kupata umeme wao, wamefaidi nini? Hivi karibuni mzazi mmoja aliitumia hoja hiyo kumkataza binti yake kuchukua PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nimeona nijibu hadharani, kwa sababu binti ana kipaji na hoja yenyewe haiwatendei haki watafiti hao.

Fyusheni ni kuunganisha viini vya atomi nyepesi, hasa deuteriamu na tritiamu (aina nzito za hidrojeni), ili vitoe nishati. Joto linalotakiwa linapita nyuzi milioni 100. Katika joto hilo gesi inakuwa plazima, yaani elektroni zimeachana na viini, na ikigusa ukuta inapoa na kuuharibu ukuta wenyewe. Ndiyo maana hushikiliwa kwa sumaku. Darasani nina televisheni kuukuu ya chogo na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Nikiisogeza sumaku kwenye kioo, picha inapinda na rangi zinavurugika, kwa kuwa elektroni zinazopiga kioo zimepindishwa njia. (Msijaribu kwa televisheni mnayoitegemea, rangi zinaweza kubaki hivyohivyo.) Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya tokamaki, mtambo wenye umbo la pete unaoshikilia plazima kwa sumaku, ila kule inatakiwa izizuie chembe zisitoke kabisa, na plazima huponyoka kila inapopata upenyo. Kuuziba upenyo mmoja tu kunaweza kumaliza miaka mingi ya mtafiti.

Mwaka 1968 Wasovieti, wakiongozwa na Lev Artsimovich, walitangaza kwamba tokamaki yao ya T-3 imefikia joto ambalo wengi wa Magharibi hawakuliamini. Artsimovich akawakaribisha Waingereza waje wapime wenyewe, tena katikati ya Vita Baridi. Kikundi kutoka maabara ya Culham, Uingereza, kikasafirisha leza na vifaa vyake hadi Moscow. Walipiga mwanga ndani ya plazima, kisha wakachunguza rangi ya mwanga uliotawanywa na elektroni: elektroni zikienda kasi zaidi, rangi ile hutanuka zaidi, na hapo joto linasomeka. Mwaka 1969 walithibitisha kwamba Wasovieti walisema kweli, joto lilikuwa takriban nyuzi milioni 10. Mwaka uliofuata watafiti wa Princeton, Marekani, waliugeuza mtambo wao mkubwa kuwa tokamaki. Wapimaji wale hawakuzalisha hata uniti moja ya umeme, lakini kipimo chao kilibadili mwelekeo wa utafiti duniani. Nani atasema walipoteza muda?

Chukua pia JET, tokamaki ya huko huko Culham, uliofanya kazi kuanzia 1983 hadi Desemba 2023. Rekodi yake ya kutoa nishati ya 1997 ilikuja kuvunjwa mwaka 2021, na anayesoma vichwa vya habari tu anaweza kudhani watu walilala. Kumbe waliung'oa ukuta wa ndani wa kaboni, kwa kuwa kaboni ilikuwa inanasa tritiamu, wakaweka metali za berili na tungsteni kwa kutumia mikono ya roboti, kisha wakaanza kujifunza upya tabia ya plazima mbele ya ukuta mpya. Jaribio la mwaka 2023 lilitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 tu za mafuta yake. Kwa hesabu ya LUKU hiyo ni kama uniti 19, ingawa lilikuwa joto, si umeme, na mtambo ulikula nishati nyingi kuliko uliyotoa. Hapo mzazi yuko sahihi, na sitamdanganya. Umeme bado.

Lakini aliyepita kazi hiyo anajua leza, ombwe, sumaku zenye nguvu na hesabu nzito za kompyuta, na hakuna nchi isiyowahitaji watu wa namna hiyo. Njia ya kufika huko ipo hata kwa mtoto wa Mpwapwa au Kongwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha fizikia. Kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichoanzisha Mpakistani Abdus Salam mwaka 1964, kiliwekwa makusudi kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zetu, na plazima ilikuwa miongoni mwa mada zake tangu siku za mwanzo.

Wanafunzi wangu hawayajui haya, wala wazazi wao. Nawaomba wanafizikia wa chuo chetu washuke sekondari, wakae na vidato vya tatu na nne, waeleze siku yao ya kazi ikoje na mshahara wao unatoka wapi. Nawe mhariri, ukurasa wako wa elimu ueleze namna ya kuomba mafunzo ya Trieste, na utoke kabla wanafunzi hawajajaza tahasusi zao kwenye Selform.

Mwalimu wa Fizikia,
Nkuhungu, Dodoma