Barua ya wazi: Mheshimiwa, misumeno isivuke upande wa kulia wa maporomoko

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti,

Pokea salamu zetu. Wiki iliyopita vibarua walifika na mapanga na misumeno kwenye maporomoko yetu, pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, wakafyeka ukingo wote wa kushoto ili wageni wapate pa kupigia picha. Ulituahidi barazani kwamba hakuna mti utakaoguswa kabla ya vigingi vya mpaka kupigwa. Vigingi hatujaviona. Miti imelala chini.

Pengine mimea iliyoota chini ya miti hiyo waliiona ni magugu tu. Ni makangaga. Kangaga halichanui wala halizai mbegu. Madoa ya kahawia chini ya jani lake humwaga spora, chembe za uzazi laini kama vumbi. Spora ikitua penye unyevu huota kijimea kidogo chenye umbo la moyo, kisichofikia upana wa ukucha, na chini yake chembe za kiume huogelea hadi kwenye yai. Huogelea, Mheshimiwa. Mwamba ukikauka, hakuna kangaga jipya. Yale mepesi yanayong'ang'ania jiwe penye rasharasha, jani lake lina unene wa seli moja tu, halina nta ya kuhifadhi maji. Mkilifungulia jua la saa sita, hujikunja na kukauka.

Mwakani mtu asikuletee picha ya kijani akasema pamepona. Palipofyekwa au kuchomwa huingia kangaga gumu, Pteridium aquilinum, linalotambaa kwa shina la chini ya udongo na kusonga miche ya miti. Hilo halirudishi yaliyopotea.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima au kujenga kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka alama ya juu ya mafuriko. Pigeni vigingi hivyo sasa, kabla ya mvua za masika. Magogo yaachwe yaoze palepale, yanashika unyevu. Pandeni mikuyu, si mikaratusi. Wageni wapewe njia moja, upana wa mita 1, mbali na rasharasha. Tunadhani pia bomba lililowekwa upande wa juu wa mto limepunguza maji. Tuma mtu akapime.

Kama yote hayo ni mengi, tunakuomba hili moja: simamisha misumeno leo. Ukingo wa kulia bado una kivuli, na spora za kurudi kushoto zitatoka huko.

Wako,
Wakazi wa kando ya mto