Mpangaji wa baa aandike mwenye mali kabla ya bei

Mhariri,

Ugomvi wa kukabidhiana baa ya kupanga mara nyingi hulipuka siku ya mwisho, gari la mizigo likiwa limeshaegeshwa mlangoni. Mpangaji anataka kung'oa kaunta, mwenye jengo anadai kaunta ni ya jengo, na orodha inayotolewa mfukoni inasema "friji 3, viti, glasi, vyombo vya jikoni". Orodha ya namna hiyo haimsaidii yeyote, kwa sababu haisemi kitu ni cha nani.

Kwenye orodha, safu ya mwenye mali ndiyo ijazwe kwanza, bei isubiri. Friji zenye nembo ya kiwanda cha bia, mashine ya kumiminia bia na kipoza chake mara nyingi ni za kiwanda, na kegi, yaani mapipa ya bia, ni zake. Mitungi ya gesi kwa kawaida hubaki mali ya msambazaji. Mpangaji anamiliki haki ya kurudishiwa dhamana tu, tena akiwa na risiti. Mashine ya kadi aghalabu ni ya benki, na televisheni inayolipiwa kwa awamu huenda bado si yako. Ukimuuzia mpangaji mpya kimojawapo, umeuza mali ya watu.

Vilivyofungwa kwenye jengo vinasumbua zaidi. Sheria ya Uingereza, tangu kesi ya mtengeneza sabuni ya mwaka 1703, humruhusu mpangaji kuondoa alivyovifunga mwenyewe kwa ajili ya biashara, ila avitoe kabla upangaji haujaisha na arekebishe alipoharibu. Mkataba unaweza kumnyima haki hiyo, na kuna nchi zenye utaratibu mwingine, kwa hiyo soma vifungu vyako kwanza. Kisha jiulize: kikitoka kitaacha nini? Rafu itaacha matundu manne ya skrubu. Kofia ya moshi ya jikoni, ile inayovuta moshi juu ya jiko, itaacha tundu darini, na kuliziba kunaweza kugharimu kuliko bei ya kofia yenyewe. Ikibaki mahali pake, inamfaa anayeingia. Ikishushwa ni bati tu. Kubalianeni mapema kama mnathamini kitu kikiwa kimefungwa au kikiwa kwenye gari. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa makadirio mawili yanapotofautiana maradufu.

Kazi ya kuandika orodha ianze miezi mitatu kabla ya kukabidhiana, mkononi ukiwa na orodha uliyopokea ulipoingia. Nendeni wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Anzieni mlangoni, fuateni ukuta wa kushoto hadi mrudi mlangoni, kisha katikati, kisha juu: feni, taa, spika. Chumba kisipoisha msihamie kingine. Vinavyosahaulika ni vya nje na vidogo: bango, dishi, kompresa ya chumba cha baridi, rimoti, funguo za stoo.

Glasi zihesabiwe baada ya kuoshwa, kwa aina na ujazo, na zilizomeguka mdomo zitengwe. Friji isiandikwe "nzima" kwa kuwa taa yake inawaka. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache ndani ya friji usiku kucha, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwafunguliwa. Bana karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na kompresa haipumziki. Piga picha ya kibati chenye namba, si ya friji tu, maana friji mbili za aina moja hubadilishwa kirahisi.

Vinywaji visichanganywe na orodha hiyo ya vifaa. Vihesabiwe usiku wa mwisho baada ya kufunga, kwa bei ya kununulia, chupa zilizofunguliwa zikikadiriwa kwa sehemu za kumi. Kreti na chupa tupu ziwe na mstari wake, kwa thamani ya dhamana, kwani hizo ni fedha.

Nakala ziwe tatu: anayetoka, anayeingia na mwenye jengo. Kila ukurasa usainiwe, na nafasi iliyobaki chini ipigwe mstari wa mshazari kabla ya saini, ili asije mtu akaongeza "jenereta 1" baadaye.

Mthamini wa vifaa vya baa na mikahawa