Mdogo wangu, usiiache kamati ipange tarehe kabla ya viza

Mdogo wangu,

Nimeona picha alizorusha mama kwenye grupu la familia. Kamati imeshakaa vikao viwili, ukumbi umelipiwa arubuni na kadi za mchango ziko kwa mchapaji. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, kisha nikakaa chini. Katika watu wote wa lile grupu, hakuna hata mmoja aliyeuliza shemeji anakuombea viza gani ya kuja Marekani.

Uliza hilo kabla ya rangi ya sare. Akikuombea kama mchumba, ile K-1, unatakiwa uingie Marekani hujaolewa, halafu mfunge ndoa huku ndani ya siku 90. Mkifunga huko nyumbani kabla hujaondoka, K-1 imekufa, mnaanza upya na fomu za mke. Tena K-1 huombwa na raia tu, mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hana njia hiyo. Muulize shemeji ameshaapa uraia au bado. Usione haya, mahari yenyewe bado hayajapokelewa.

Sendofu yangu unaikumbuka. Ulikuwa kidato cha pili, ulibeba maua ukayaangusha mlangoni. Sisi tulijua sendofu ni sendofu, naagwa tu. Lakini gauni jeupe lilikuwa limeshatoka kwa fundi, na shangazi akasema haliwezi kukaa kabatini, nikalivaa na shela lake. MC, bila kutumwa na mtu, akatangaza "bwana na bibi harusi". Mpiga picha akataka tuvishane pete, tukavishana. Tulikuwa tunacheka.

Miezi kadhaa baadaye niko dirishani ubalozini kwenye usaili wa K-1, nimebeba bahasha ya picha za kuthibitisha uchumba wetu. Ya juu kabisa nikaweka ile niliyopendeza. Afisa akaitazama, akaigeuza upande wangu wa kioo: "Hii ni harusi yako?" Hebu jaribu siku moja kumweleza mtu ambaye kwao hakuna sendofu tofauti ya kuagwa na kuolewa, kupitia kioo, huku foleni nyuma yako inakusikiliza. Nilitoka na karatasi ya kutakiwa ushahidi zaidi. Tukahangaika na barua ya mchungaji kwamba hatujawahi kufungishwa ndoa. Viza ilikuja kutoka, ila tarehe tuliyokuwa tumeshika kanisani Minneapolis ilikuwa imepita na arubuni ya ukumbi wa huku haikurudi. Afisa simlaumu. Ile picha hata mimi ningesema ni harusi.

Kwa hiyo mkienda na K-1, kicheni pati fanya, sendofu fanya, ila vaa kitenge au gauni la rangi, pete zibaki mfukoni, na MC apewe maneno yake kwenye karatasi. Wazee nao waelezwe mapema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaitambua hata ndoa ya kimila, sasa baba mdogo asije akasimama siku ya mahari, kamera zinawaka, akatangaza kwamba leo tumemkabidhi mke.

Ila ukiniuliza mimi, nenda bomani. Mnatoa taarifa, mnasubiri zile siku 21, mnafunga ndoa na mashahidi wawili, mnakula pilau kwa mama, na shemeji anaanza maombi ya mke. Utasubiri, tena sana, lakini utasubiri nyumbani kwako unafanya kazi yako, na ukitua huku unaingia kama mkaazi. Mimi baada ya ndoa ndipo nilipoanza fomu nyingine, I-485 ya kuomba ukaazi (siku hizi ni dola 1,440), nikakaa miezi bila kibali cha kazi, naomba hela ya vocha kwa mume. Na ukitoka nje ya nchi katikati ya hayo maombi bila kibali cha safari, yanahesabika umeyaacha. Mlinisema kwa kutokuja kumzika bibi. Nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni saa tisa usiku, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, naangalia mnavyotupia udongo, mtandao unakata.

Kingine kidogo: linganisha jina la kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wewe na "Mariam" na "Mariamu" zako nakujua.

Mwenyekiti wa kamati nitampigia mwenyewe Jumapili, maana wewe atakununia. Nitamwomba asitishe kadi kwanza. Sherehe ya kanisani itakuja na shemeji akiwepo. Gauni langu liko kwa mama, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni. Mkia wake una doa la soda ya siku ile, fundi atalikata.

Dada yako