Doa la jiki kwenye nguo nyeusi: usilisugue

Shule zikikaribia kufunguliwa, Januari au Julai, hapa Majengo, Moshi, tunaletewa sketi za bluu kuliko nguo nyingine yoyote. Kisa karibu kila mara ni kilekile. Shati jeupe limelowekwa kwenye jiki, sketi iko pembeni ya beseni, mkono umechuruzika. Sketi ikikauka kambani ndipo matone yanaonekana, meupe-meupe. Kwenye suruali nyeusi huwa mekundu kama kutu.

Nguo nyingi zinatufikia zikiwa zimeshapigwa brashi na sabuni ya mche mara tatu, nne. Tunawaomba sana wateja wetu, msifanye hivyo. Tunaliita doa kwa mazoea tu. Pale hakuna uchafu wa kutoka. Jiki imeshakula rangi iliyokuwa ndani ya uzi, na uzi wenyewe umedhoofika. Kuna mama alituletea gauni lake jeusi la msibani, amelisugua mpaka pale kwenye doa ukiliinua unaona mwanga wa dirisha. Rangi tungeirudisha. Kitambaa hakirudi.

Jiki ikikurukia, iwahi palepale. Izamishe nguo kwenye maji mengi ya baridi, kamua, badilisha maji, rudia, maana jiki inaendelea kula muda wote iliomo ndani ya kitambaa. Kama unayo haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya maji, loweka pale kwa dakika chache, halafu suuza. Inaimaliza jiki iliyobaki. Siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi usiguse kabisa: zikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na kubana kifua. Bafuni mlango ukiwa umefungwa ni hatari kubwa, hasa kwa watoto.

Tone dogo kama punje ya mchele linazibika kwa maka nyeusi isiyofutika. Jaribu kwanza ndani ya pindo, kwa sababu maka nyingine zikikauka zinageuka zambarau.

Yakiwa mengi, nguo nzima itiwe rangi upya, na hapo lazima ujue ni kitambaa gani. Vuta uzi mmoja kutoka ndani ya pindo, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kipunje kigumu, ni polista, na rangi ya kawaida ya pakiti haitashika. Vitambaa vingi vya sare ni mchanganyiko, kwa hiyo rangi inashika nusunusu.

Pamba unaweza kuitia rangi mwenyewe nyumbani. Ifue, usiikaushe, nguo mbichi hupokea rangi sawasawa. Chukua sufuria kuukuu ambayo hutaipikia tena chakula, chemsha maji, tia rangi uliyoichuja kwa kitambaa ili madonge yasibaki, ongeza chumvi kama pakiti inavyoelekeza. Kabla ya kuzamisha nguo, paka rangi pale penye doa kwa brashi ndogo, la sivyo patabaki pamefifia kuliko kwingine. Kisha geuza, geuza, usiondoke, karibu saa nzima. Suuza mpaka maji yatoke safi. Usishangae mshono ukibaki na rangi yake ya zamani, uzi wa cherehani mara nyingi ni polista.

Sufu na hariri usijaribu, tuletee. Kuangalia hatutozi, na kama haiwezekani tutakwambia kabla hujalipa. Sare ya Jumatatu ilete mapema wiki inayotangulia, kwa sababu tunaanika kivulini, na Julai hapa Moshi sketi nzito inaweza kuchukua siku mbili kukauka.