Shukrani kwa injinia aliyetuomba hesabu zetu kwanza

Injinia, asante sana. Wanafunzi wengi tunawatumia mainjinia picha ya swali na maneno "naomba msaada, tunakusanya kesho", kisha tunashangaa kimya kinapotujibu. Wewe uliomba vitu vitatu: swali neno kwa neno, hesabu tulizokwisha kufanya, na mstari tulipokwama. Kosa likaonekana palepale.

Swali lilikuwa la kuchanganya zege. Uwiano wa maji kwa saruji, kwa uzito, ulikuwa 0.5, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unataka lita 25. Tuliandika zote 25, tukasahau kwamba mchanga una maji yake, hasa ule wa kinamasi cha Lwera, nchini Uganda, unaofika Kampala ukiwa bado unachuruzika. Kilo 100 za mchanga mkavu zikiwa na unyevu wa asilimia 5 zinaleta lita 5. Kwenye mashine ya kuchanganyia zinaongezwa 20 tu. Ukimwaga 25, uwiano unapanda hadi 0.6, na mchemraba wa zege wa milimita 150, unaogandamizwa kupima nguvu, unaweza kupasuka kabla ya kufikia nguvu iliyotakiwa siku ya 28.

Asante pia kwa kutukumbusha koni ya milimita 300, ya kupima zege bichi linashuka kiasi gani: lijazwe kwa tabaka tatu, kila moja ichomwe kwa fimbo mara 25, kisha koni ivutwe juu wima bila kuizungusha. Ikizungushwa zege hulala upande na kipimo hakifai.

Hukutuandikia hata mstari mmoja wa kazi, na kwa hilo hasa tunakushukuru. Mungu akubariki.